Jirani Aliyetuchagulia Mvinyo

Nitamwita Jirani, kwa sababu jina lake linatajwa vya kutosha nyumbani kwangu na sioni haja ya kuliongezea hapa. Tumekaa mtaa wa Woodley, Nairobi, yeye na mimi, ukuta kwa ukuta, muda uliotosha binti yangu kuzaliwa, kusoma, kuolewa na kuhama. Mtu akiniuliza kama nampenda Jirani, najibu kwamba ni mtu mzuri. Na ni kweli. Hapo ndipo taabu yangu inapoanzia. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika, lakini huyu mama hakuwahi kunipa hata sababu ya kumsengenya vizuri.

Wengi walimjua kwa mvinyo. Usidhani alikuwa mlevi, au kwamba aliuuza. Alikuwa na duka la uzi, zipu na vifungo kule River Road, na kanisani alikuwa kiongozi wa kina mama. Lakini mtaani kwetu mtu akipata wageni wa heshima, na akitaka chupa ya mvinyo mweupe isiyomfilisi wala kumwaibisha, alipitia kwanza kwa Jirani. Walimu walimwendea. Daktari wa meno aliyekaa nyumba ya pembeni alimwendea. Mimi pia nilimwendea, tena zaidi ya mara moja, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na chupa nzuri na moyo uliovimba.

Kwenda naye supamaketi kulichosha. Kwenye unga na mafuta ya kupikia alipita haraka kama sisi wengine, lakini akifika upande wa vinywaji, ule wenye kaunta yake ya peke yake, alibadilika. Aliusogeza mkoba mbele ya tumbo, akarudi nyuma kidogo, akazitazama rafu zote bila kugusa kitu. Watu wenye haraka walimpita na troli zao na yeye hakujali.

"Ya juu kabisa ni ya kujionyesha," aliniambia mara ya kwanza. "Ya chini kabisa ni ya kupikia. Waini yetu, Mama Nekesa, iko hapa, usawa wa kiuno."

Halafu aliangalia kifuniko. Chupa yenye kizibo cha kuchomoa hakuigusa. Alitaka ile ya kufungua kwa kuzungusha, kama chupa ya soda ya plastiki. Halafu picha. Chupa yenye picha ya mnyama aliirudisha, awe simba, awe jogoo. Nilipomuuliza mnyama amemkosea nini, alisema mtu anayeweka mnyama kwenye chupa anataka uangalie mnyama usionje kilichomo. Bei aliiangalia mwisho, na karibu kila mara ilikuwa bei ya mtu wa mshahara. Sijui hayo yote aliyatoa wapi. Nadhani mengine aliyabuni palepale akiwa amesimama.

Lakini kabla ya rafu, kabla ya kizibo na mnyama, alikuwa na swali moja. "Nani atakunywa?"

Sisi tulikuja tukiuliza ipi ni nzuri, yeye akauliza ni nani atakayekaa mezani. Kama ni bosi wa mume wako, alitaka kujua anaongea sana au kidogo. Kama ni mashemeji kutoka nyumbani wanaosema hawanywi, alichagua ile yenye utamu, kwa sababu, alivyosema, watu wasiokunywa hupenda kitu kitamu. Siku moja nilimwambia achague tu iliyo nzuri, tuna haraka. Akanigeukia polepole. "Nzuri kwa nani, Mama Nekesa?" Nikaanza kumtajia wageni mmoja mmoja.

Mwenyewe hakuupenda mvinyo. Hilo watu wengi hawalijui. Alikuwa mtu wa chai, tena chai ya majani mengi iliyochemka mpaka ikakasirika. Ukimmiminia mvinyo alipiga funda moja dogo, akasema "hii iko sawa," kisha akaishika ile glasi alasiri nzima mpaka ikapata joto la mkono. Mwisho aliimwaga kwenye mchuzi wa kuku ulipokuwa jikoni. Wenzake tulikunywa, tukacheka, tukasahau tulichosema. Yeye alikaa pale akitutazama. Ukimwona hivyo ungesema ni mpole tu, mtu asiye na makuu. Mimi nilikaa naye miaka mingi kabla sijaelewa kwamba alikuwa kazini.

Alikuwa na ubahili wake pia, niseme ukweli. Ungemwomba sukari akakupa kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo. Mtoto akirusha mpira ukaangukia kwenye ua wake, mpira huo ulilala huko mpaka mzazi aende mwenyewe. Na kanisani alisimama mbele ya kina mama akahubiri juu ya nyumba zilizovunjwa na pombe, kwa machozi kabisa, ilhali Jumamosi iliyotangulia tulikuwa kwake tukinywa. Nilipomkumbusha alishangaa. "Pombe ni ile ya kwenda kutafuta," alisema. "Hii inakufuata kwenye chakula." Na mambo yakaisha hapo. Ningesema mimi maneno hayo ningeitwa mbele ya wazee.

Hizo Jumamosi zilikuwa za chama chetu. Tulikutana nyumba kwa nyumba, alasiri, kina mama wa mtaa, na nusu yetu tulikuwa kwaya. Nyumba zetu zile za zamani hazina pa kuficha kitu. Mlango unafunguka moja kwa moja sebuleni. Kwa hiyo mvinyo ulimiminwa kwenye thamosi, ukanywewa kwa vikombe vya chai. Utaratibu huo ulikuwa wa Jirani. Ndiyo maana tulikunywa mweupe tu. Mwekundu ungetuachia meno ya zambarau, na jioni kuna mazoezi ya kwaya. Thamosi yenye maua ilikuwa ya chai, ya bluu ilikuwa ya ile nyingine, na kila mama wa chama alikuwa na thamosi ya bluu kabatini iliyonukia vizuri.

Siku ilipokuwa zamu yangu, mzee wa kanisa aliingia bila hodi. Alikuwa amekuja kutupa taarifa ya mazishi. Mimi nikasimama, nikamkaribisha, nikachukua kikombe, nikashika thamosi ya bluu. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kuizungusha kofia yake wakati Jirani aliposema, bila kuinua macho kutoka kwenye mandazi, "Mama Nekesa, hiyo si imepoa? Mpatie Mzee ya moto." Nikaweka chini. Nikashika ya maua. Mzee akanywa chai yake akatubariki sote, akaenda zake.

Walicheka mpaka wakalia. Wiki nyingi baadaye bado ilikuwa Jirani hivi, Jirani vile, yule mama ana akili, yule mama ana moyo mgumu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mandazi yalikuwa yangu, na nyumba ilikuwa yangu, na hata mvinyo uliokuwa ndani ya ile thamosi niliununua mimi. Nilicheka pamoja nao. Kifua kilikuwa kinaniwaka.

Sasa niseme lile lenyewe, maana haya ya thamosi ni ya kuzunguka tu.

Nina mtoto mmoja, Nekesa. Jina ninaloitwa na kila mtu ni lake. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, nikitoka asubuhi mapema na kurudi jua limeshazama, na baba yake alifanya kazi Mombasa akija mwisho wa mwezi. Nekesa akitoka shule alienda kwa Jirani, aliyefunga duka lake mapema. Hakuna aliyepanga hivyo; siku moja alikuta kwetu kumefungwa akabisha pale pa pili, na basi. Alifanyia kazi zake za shule kwenye meza iliyojaa vifungo. Alijifunza kushona pindo kabla hajajua kusoma vizuri. Nikirudi nilimkuta ameshakula, ameshaoga, na amenyamaza, kwa sababu habari zote za siku alikuwa ameshazitoa upande wa pili wa ukuta. Nilimuuliza, "Shule ilikuwaje?" Akasema, "Poa." Poa hiyo nililishwa miaka mingi.

Alipovunja ungo, nilifika nyumbani nikamkuta amekaa kwenye kochi na kikombe cha maziwa ya moto, ametulia kama mtu mzima. "Usijali, Mum," aliniambia. "Auntie ameshanieleza." Jirani alikuwa amemnunulia kila kitu na kumwonyesha. Nilienda upande wa pili nikamshukuru, nikamshika mikono yote miwili. Kisha nikaingia bafuni kwangu, nikafungua bomba, nikalia. Alipopata kazi yake ya kwanza, nilisikia kwa Jirani tukiwa kwenye ua tunaanika nguo. Alipopata mchumba, Nekesa mwenyewe ndiye aliyeniambia, namshukuru, lakini aliniambia hivi: "Mum, Auntie anasema huyu ni mtu mzuri." Mimi hata sikujua kwamba kuna huyu.

Sikutaka makubwa. Nilitaka mara moja tu mwanangu anijie na habari ikiwa bado mbichi, kabla haijapita kwa yule mama. Mara moja tu.

Basi wakwe walipotaka kuja mara ya kwanza kujitambulisha, Nekesa akanipigia simu. Mama wa kijana, alisema, hula chakula na glasi moja ya waini nyeupe. Ni watu wa kawaida, si watu wa fujo. "Nitamwambia Auntie atuchagulie."

"Nitanunua mwenyewe," nikasema.

Akauliza, "Una uhakika, Mum?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka supamaketi ya Ngong Road jioni ileile, na viatu vya ofisini. Nilisimama mbele ya rafu kama alivyokuwa akisimama. Niliuliza lile swali lake kimoyomoyo, nani atakunywa, na jibu likanijia kwamba atakunywa mama anayekuja kumchukua binti yangu. Mkono wangu ukaenda rafu ya juu. Nilichukua chupa nzito, yenye shingo ndefu, isiyo na mnyama yeyote. Nilipoishika nilijisikia mzazi. Kifuniko sikukiangalia. Kilikuwa kimevikwa karatasi ya dhahabu na ilinipendeza.

Siku yenyewe wageni wameshakaa, sala imesomwa, wali uko mezani, nikabandua ile karatasi ya dhahabu nikakuta kizibo. Katika nyumba yangu hakukuwa na kifaa cha kukichomoa. Kwa Jirani pia hakukuwa, kwa sababu yeye hakuwahi kununua chupa ya namna hiyo maishani mwake. Shemeji yangu akajaribu na bisibisi. Kizibo kikavunjika katikati. Akajaribu kukisukuma ndani kwa mpini wa mwiko, kikaingia, na mvinyo ukamrukia kwenye shati. Mwisho niliupitisha kwenye kichujio cha chai, kwa sababu ulikuwa umejaa chembe za kizibo, na kile kichujio kilikuwa na tangawizi ya asubuhi. Nilimpa mama mkwe wa Nekesa glasi hiyo kwa mikono miwili. Akaonja. Akasema ina ladha yake.

Jirani alikuwa amekaa mkabala naye, mgeni wa heshima kama kawaida. Yule mtu ambaye humaliza alasiri na funda moja aliinua glasi yake, akanywa yote, akaniletea tena. "Niongeze, Mama Nekesa. Leo umechagua."

Akanywa na ya pili. Kila mtu akacheka kwa furaha, mama mkwe akaomba kidogo zaidi, na siku ikaokoka. Nekesa alimtazama Jirani kwa macho ambayo ningetoa chochote kuyapata. Nilimchukia sana siku ile. Angeniacha niaibike ningemsamehe haraka zaidi.

Nekesa aliolewa wakahamia mtaa wa Muthangari, yeye na mume wake, kwenye nyumba ya ghorofa yenye lifti. Jumapili moja moja hutuita chakula cha mchana, mimi na Jirani, maana baba yake sasa hatunaye na Jirani watoto wake wako mbali. Tunakwenda kwa teksi moja. Mvinyo huleta yeye.

Ijumaa moja mwaka huu nilimkuta supamaketi, palepale. Nilikuwa nimeingia njia ile ya chupa nikitaka kuona kama naweza kumtangulia Jumapili hiyo. Amezeeka. Siku hizi hushikilia rafu kwa mkono mmoja akitazama, na miwani yake imefungwa uzi. Aliniona kabla sijageuka.

"Mama Nekesa. Umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kununua sabuni."

"Sabuni iko kule." Akacheka, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alichukua chupa moja, ya usawa wa kiuno, akaiweka kwenye kikapu. Kwa kawaida alichukua mbili. Halafu akavuka upande wa pili akachukua juisi ya zabibu, ile isiyo na kileo, kwenye chupa inayofanana na chupa ya mvinyo.

"Na hiyo ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mtoto wetu."

Hilo neno wetu limekuwa likinichoma tangu Nekesa akiwa darasa la kwanza. Nikamwambia, kwa ukali kidogo, kwamba Nekesa hanywi juisi, hajawahi kupenda juisi, na mimi ndiye niliyemzaa.

Jirani akanitazama juu ya miwani. Niliona anaelewa kwamba sijui, na niliona angependa kuyarudisha maneno yake kinywani. "Kwani Jumapili iliyopita hukumwona?"

"Kumwona akifanya nini?"

"Glasi yake. Aliiinua, ikagusa mdomo, akaiweka. Kila tukiinua anafanya hivyo. Baadaye ikawa kwa bwanake. Na ile kuku, alipoileta alikuwa amegeuza uso asisikie harufu." Akaishusha sauti. "Si ulikuwa umekaa karibu naye?"

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Kiwiko changu na chake viligusana chakula kizima. Na ninakumbuka vizuri nilichokuwa nikitazama. Nekesa alikuwa amempa Jirani paja la kuku, mimi akanipa bawa, na kuanzia hapo macho yangu hayakutoka kwenye sahani ya Jirani mpaka alipomaliza.

"Amekuambia?" nikauliza.

"Hajaniambia kitu." Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kwa sababu ya zile chupa. "Anakungoja wewe. Na mimi sijui kitu, Mama Nekesa. Hata hii juisi sijainunua." Akairudisha kwenye rafu, akachukua chupa ya pili ya mvinyo, akaiweka kikapuni pamoja na ile ya kwanza, kama siku zote. Halafu akaenda kupanga foleni.

Usiku wa Jumamosi nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikafanya mazoezi ya kushangaa. Nilijaribu kwa mkono kifuani, nikajaribu kwa kukaa chini ghafla. Jumapili, tulipofika, Jirani hakunitazama hata mara moja kwenye lifti.

Nekesa akaniita jikoni, akafunga mlango. Alikuwa na macho ya maji. "Mum," alisema, "sijaambia mtu yeyote bado, ni yeye tu, mume wangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikashangaa. Nikaweka mkono kifuani, nikasema "wewe," nikamkumbatia. Akanikumbatia, kisha akarudi nyuma kidogo akanichungulia uso. "Mum, ulikuwa unajua?"

"Nijue wapi?"

Akacheka, akapangusa macho, hakuamini sana. Tukatoka pamoja sebuleni, mimi nikiwa nimebeba sahani ya mboga, na akasimama nyuma ya kiti cha mume wake akasema kwamba anatarajia mtoto.

Jirani aliacha uma ukaanguka. Akamtazama Nekesa kutoka kichwani mpaka miguuni kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akaweka viganja mashavuni, na machozi yakaanza kumtiririka chini ya miwani. "Nekesa," alisema. "Nekesa wangu. Na mimi nimekaa hapa kama mjinga, sijui lolote."

Binti yangu akamkimbilia. Akapiga magoti pale kwenye kiti chake, akamshika shingoni, akamkumbatia muda mrefu kuliko alivyonikumbatia jikoni. "Usikasirike, Auntie," alikuwa akimwambia, akilia na kucheka. "Nilitaka Mum ajue kwanza."

Nilisimama mlangoni na sahani yangu ya mboga. Hatimaye nilikuwa nimeambiwa kwanza, na hata kwa kushangaa yule mama alinishinda.